Kicheko cha Mdiria Kabla ya Jua

Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, kikoi nimekikunja juu ya magoti, mguu wa pili nimeutumbukiza kwenye beseni la mawe na sabuni ya karafuu iko mkononi, ndipo niliposikia sauti ya mtoto dirishani: "Mama! Mjomba ananawa miguu kwenye maji ya ndege!"

Ningependa kusema kwamba niliutoa mguu kwa heshima. Sikuutoa. Niliuacha humohumo, nikageuza shingo polepole, nikaona yale ambayo mwenye macho yake angeyaona tangu mwanzo. Juu ya ua wa mbao ndege walikuwa wamejipanga kama watu kwenye foleni ya bomba: kasuku wawili wenye vifua vya waridi, njiwa mwenye kishungi, na mmoja mweusi-mweupe kama kunguru wa kwetu. Wote walikuwa wanatazama kisigino changu. Juu yao, kwenye mkaratusi, ndege mmoja mwenye kichwa kikubwa alirudisha shingo nyuma akacheka. Sisemi kwamba alilia. Alicheka, tena kicheko cha watu harusini bwana harusi anapokanyaga kanzu yake. Na ng'ambo ya ua, jirani, bibi mmoja mwenye mvi aitwaye Doroti, alikuwa ameshika mpira wa maji akimwagilia viatu vyake badala ya maua.

Nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa Pemba. Kwetu, mlangoni kwa mama yangu, ulikaa mtungi na kata yake, na msikitini mtu alipita kwanza ndani ya birika la maji, kile kijibwawa cha kutosea miguu, kabla ya kukanyaga mkeka. Mgeni aingiaye ndani na vumbi la njia miguuni hakulelewa, aliokotwa. Sasa mimi nimetoka safari ya kuvuka nusu ya dunia, nimefika nyumba ya ndugu yangu, nikazunguka uani, nikakuta karibu na mlango beseni la mawe limejaa maji safi, limepandishwa juu ya nguzo hadi usawa wa kiuno. Nikajisemea, alaa, kumbe hata huku wanajua adabu. Ni kwamba tu wenzetu ni warefu, hawataki kuinama. Nimepika katika meli za mizigo nusu ya umri wangu, nimefanya kioja katika bandari ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka. Kuna mji mmoja niliamkia sanamu la dukani lililovishwa koti, nikasimama nikingoja marahaba. Lakini kuaibika mbele ya ndege, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nyumba ilikuwa ya dada yangu mdogo, Mwanakheri, katika kitongoji kimoja cha mji wa Brisbane, huko Australia. Mtoto wa dirishani alikuwa binti yake, Mwanamkasi, ambaye sote tunamwita Mkasi. Tulikuwa tumeonana kwenye simu tu, na nilikuwa nimejiahidi kwamba nitampendeza tangu saa ya kwanza.

Haikuwa hivyo. Kumbe kulikuwa na ndege mmoja mdogo, mweusi mwenye tumbo jeupe na nyusi nyeupe, asiyeweza kuutuliza mkia wake hata akikaa. Mkasi akimwita Mtikisamkia. Alikuwa ametaga kwenye mti wa Bi Doroti, na makinda yake walikuwa wametoka kiotani wiki ileile. Kila asubuhi mama mtu alikuja peke yake mpaka uani, akakagua beseni, akarudi. Mkasi alikuwa ameshika darubini akiamini kwamba siku hiyo ndiyo ndege angewaleta watoto wake kuoga. Badala yake alikuja mjomba.

Mwanakheri aliyamwaga maji yale akajaza mengine. Lakini sabuni ya karafuu ni sabuni ya karafuu. Ukiikoga Ijumaa, Jumatatu bado watu wanageuka njiani kukunusa. Mafuta yake yalikuwa yameingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na maji mapya yakatandwa juu na utando wenye rangi za upinde wa mvua. Ndege walitua ukingoni, wakaonja, wakapangusa midomo yao kwenye jiwe kama watoto waliopewa dawa ya muarobaini, wakaenda zao. Bi Doroti alitazama, akaingia ndani, akarudi na brashi ngumu ya kusugulia sakafu, akanipitishia juu ya ua. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye ngazi ya kibaraza. "Kesho, inshallah," nikasema. "Leo mgongo wangu bado uko kwenye kiti cha ndege."

Kesho yake wakaja wageni, Wapemba na Wamombasa wanaoishi huko, kunijulia hali. Nikawasimulia kisa cha beseni, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Wakalia kwa kucheka. Keshokutwa wakaja wengine, na kufikia hapo kisa kilikuwa kimeota miguu zaidi: Bi Doroti alikuwa amezimia, na kasuku mmoja alikuwa amesoma Yasin. Kila aliyekuja alicheka, isipokuwa mtu mmoja. Mkasi alikaa kibarazani na darubini mapajani, akitazama beseni lisilo na ndege. "Shikamoo, Mjomba," alisema kila asubuhi, kwa sababu amefunzwa, kisha basi. Nimefanya kazi karibu na majokofu ya meli miaka mingi. Sijapata kukutana na shikamoo baridi kama ile.

Alasiri moja ya joto kali tulikuwa tumekaa kibarazani sote. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi, nyasi zimekuwa rangi ya mkate. Bi Doroti alikuwa amekuja na sahani ya biskuti, Mwanakheri ameleta chai ya tangawizi. Mtikisamkia akatua juu ya ua, mdomo wazi, na pembeni yake kinda mmoja, manyoya yamemsimama ovyo, analia bila kupumzika. Mama mtu alitazama beseni. Hakushuka.

"Kile kitoto hakiwezi kuruka mpaka mtoni," alisema Mkasi, hakumwambia mtu.

"Si Bi Doroti ameweka kibakuli upande wake?" nikauliza.

"Ana paka."

Mimi nina ugonjwa wa kutoweza kuacha kimya kikae. Juu ya mkaratusi yule mwenye kichwa kikubwa, ambaye ni wa ukoo wa mdiria, yule ndege mvuvi wa kwetu, ila huyu ni mdiria aliyekula akashiba, alicheka kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo. Nikasema, "Mkasi, hivi unajua kwa nini yule hucheka alfajiri, kabla hata jua halijatoka?"

Sikio moja lilinigeukia. Mpishi hahitaji zaidi ya hilo. Akiona sahani imenyooshwa, anapakua. Nikawaambia kwanza kwamba wenyeji wa asili wa nchi ile wana simulizi zao, za kale na za heshima, na hizo ni zao kuzisimulia. Mimi miguu yangu imeshaingia ya kutosha kwenye maji ya watu. Hiki nitakachosema ni changu, na ubaya wake pia ni wangu. Mwanakheri akasogea kwa Bi Doroti ili amfasirie kwa kunong'ona, nami nikaanza.

Kulikuwa na wakati ambapo asubuhi ilikuja bila sauti. Usiku haukuwa ukifukuzwa na mtu. Ulikunjwa taratibu kama mkeka, na chini yake nuru ikakutwa imelala. Mbingu ilikuwa chini kuliko sasa. Mawingu yakipita yalikwama kwenye matawi ya mikaratusi na kuichuna magome, ndiyo maana mpaka leo miti ile husimama imevuliwa nusu ya nguo zake. Ndege wote walilala katika mti mmoja, na kwa kuwa walibanana sana, ndoto zilitoka kichwa hiki zikaingia kile. Njiwa aliota kwamba yeye ni mto. Kasuku aliota kwamba anakunjuliwa kama kitambaa kisicho na mwisho. Asubuhi hakuna aliyejua ndoto ipi ni yake, wala hawakugombania.

Rangi nazo zilikuwa hazijagawiwa. Ndege wote walikuwa na rangi moja, ile rangi ya kitu unachokiona kwa pembe ya jicho halafu ukigeuka hukioni. Na kicheko hakikuwapo. Walikuwapo wenye kulia, wenye kuita, wenye kunung'unika. Lakini kucheka hakuna aliyekujua, kama vile mtu wa bara ndani asivyojua ladha ya maji ya chumvi.

Basi ukaja ukame mrefu. Mito ikazama chini ya mchanga ikajifunika, ikalala. Mabwawa yakawa sahani za udongo uliopasuka. Maji yakabaki mahali pamoja tu, juu ya kilima, kwenye jiwe lililobonyea katikati kama kiganja cha mtu anayeomba. Usiku umande ulishuka humo, tone juu ya tone, kwa subira ambayo sisi watu hatunayo, na mwisho wa usiku kiganja kilikuwa kimejaa pomoni. Lakini jua lilipopanda lilikuwa na kiu kuliko wote. Liliinama likanywa lote, likaramba na jiwe. Kwa hiyo palikuwa na wakati mfupi kati ya giza na jua, mfupi kama usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga, na katika wakati huo ndimo ndege wote walipaswa kunywa.

Wakaona wanahitaji mlinzi wa maji, wakamchagua Mdiria. Walimchagua kwa sababu alikuwa na kichwa kikubwa na alikuwa hasemi. Ni kosa la viumbe wengi, asiyesema kudhaniwa anafikiri. Wakampa kazi moja nyepesi: atue ukingoni kabla ya wengine, aangalie ndani kama kuna jani au mdudu, kisha aseme, "Maji ni safi," nao waje.

Siku za mwanzo alifanya hivyo. Alitazama, akasema, wakanywa. Lakini katika kutazama kule, akaona kwamba ndani ya maji kuna mtu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kichwa cha heshima, mdomo wa maana, na mstari mweusi kupita jichoni kama wanja wa kizee. Nyota zilikuwa zimejipanga pande zake zote kama wageni waalikwa. Mdiria akampenda mtu yule. Kesho yake akamtazama muda mrefu zaidi. Kesho ya pili akatoa amri kwamba maji lazima yatulie kwanza ndipo yanyweke, na ni yeye peke yake ajuaye yametulia lini. Ndege wakapanga mstari kilimani, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wakangoja. Juu ya maji nyota moja ikazimika, kisha nyingine. Mdiria alikuwa bado anatazama.

Wa mwisho kabisa katika mstari ule alikuwa Mtikisamkia, ambaye siku hizo hakuwa na jina hilo, kwa kuwa mkia wake ulitulia kama wa mtu yeyote. Alikuwa na makinda chini ya kichaka, upande wa pili wa kilima. Kila zamu yake ilipofika, alikuta jiwe lenye unyevunyevu. Alilala juu yake akalisugua tumbo lake mpaka manyoya yakapata ubichi kidogo, akaruka mbio, na makinda wakamfyonza manyoya. Hayo ndiyo yalikuwa maji yao. Hata ikafika alfajiri moja ambapo kinda mdogo hakufumbua mdomo kupokea. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye mchanga kama kokwa.

Mama mtu akaacha zamu yake. Alipita chini ya miguu ya wakubwa, akapanda jiwe, akatua ukingoni karibu na mdomo wa Mdiria, mdomo ambao ungeweza kumfunika mara moja asionekane tena.

"Mzee," alisema, "mwanangu hainui kichwa tangu jana."

"Maji hayajatulia," alijibu Mdiria, macho yakiwa bado ndani ya maji.

"Yametulia tangu usiku."

"Rudi kwenye zamu yako, mama. Kila jambo na utaratibu wake."

Yule mama hakuwa na nguvu. Hakuwa na kucha wala sauti ya kuogopwa. Alichokuwa nacho ni mkia. Akaushusha mpaka ncha yake ikagusa maji, akautikisa kulia, akautikisa kushoto. Duara ndogo ikazaliwa, ikazaa duara nyingine, zikaenda zikicheza mpaka ng'ambo ya jiwe.

Ndani ya maji uso mkubwa ukavunjika. Jicho likaenda huku, mdomo ukapinda kule kama mguu wa kiti kibovu. Mdiria hakuwahi kukosewa adabu na uso wake mwenyewe. Akainama ili auamuru urudi mahali pake. Ukazidi kuyumba. Akainama zaidi. Sasa, kichwa kikubwa ni kizuri kwa heshima, lakini ni kibaya kwa mizani. Kilitangulia, na mwili ukaona aibu kubaki nyuma. Mdiria akaingia majini kichwa chini, miguu juu.

(Hapo Mwanakheri aliitazama miguu yangu. Nikaivuta chini ya kiti.)

Akaibuka katikati ya maji. Manyoya yalikuwa yamemgandama mwilini, nusu yake nzima imepotea, kichwa pekee ndicho kilichobaki na ukubwa wake. Juu yake kulikaa kipande cha ukoga, kimeegemea upande mmoja kama kofia ya mtu aliyeamshwa usingizini. Ndege walimjua kuwa mkali, wakangoja ghadhabu. Hata upepo uliokuwa unakuja ulisimama mbali kidogo.

Mdiria akatazama chini. Katika maji yanayoyumba akamwona yule mtu wake wa heshima, na yule mtu alikuwa kifuu cha nazi chenye mdomo. Kitu kikamcheza kooni. Alidhani amemeza chura. "Kuu," kikasema kile kitu. Akajaribu kukizuia. "Kuu, kuu." Kikapanda, kikafika juu, kikafunguka, kikawa kitu ambacho nchi ile haikuwahi kukisikia: kikaviringika kilimani kama vyungu vinavyoporomoka ngazi bila kuvunjika, kikavuka bonde, kikagonga mlima wa pili, kikarudi. Nyuma ya milima jua lilikuwa bado limelala, mkono juu ya macho. Likashtuka likaketi. "Nani ananicheka?" likauliza, na likaanza kuinuka mapema kuliko desturi yake.

Ndege nao, kila mmoja, akamkuta chura yuleyule kooni mwake. Wakacheka. Walianguka, wakashikana mabawa, wakasahau kiu, wakasahau mstari. Kilikuwa kitu kitamu, na kwa utamu wake hakuna aliyeona kwamba kila Mdiria alipocheka alitikisika, na kila alipotikisika maji yalimwagika ukingoni, yakachirizika juu ya jiwe, na mwamba ukayanywa.

Aliona mmoja tu, yule asiyecheka.

"Kucheka umecheka, Mzee," alisema. "Sasa toka majini."

Hapo Mkasi aligeuka akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Moyoni nikajipongeza. Nikaona kweli simulizi yangu inamwingia.

Mdiria aliacha kucheka, nikaendelea. Akatazama jiwe lililoloa bure. Akatafuta neno kubwa linalolingana na kichwa chake, hakuliona. Basi akatoka. Akasimama kando, maji yakimdondoka, akanyoosha bawa kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani: pita wewe kwanza.

Mtikisamkia akanywa wakati giza lilikuwa halijaondoka. Kwa hiyo akachukua weusi wa mwisho wa usiku mgongoni, na weupe wa nyota iliyobaki tumboni na kwenye nyusi, na zaidi ya hapo hakupata rangi. Zilipokuwa zinagawiwa yeye hakuwapo. Alikuwa amebeba maji mdomoni. Aliruka chini chini juu ya nyasi, bila kumeza, bila kupumua, akafika kichakani, akadondosha tone moja kwenye mdomo wa kinda. Halikutokea jambo. Akadondosha la pili. Kinda akafumbua jicho, akainua kichwa, akadai la tatu kwa ukali, kama watoto wote waliopona.

Huku kilimani wakafuata wengine, makinda kabla ya wazazi, na kila aliyeoga alitoka na nuru ya saa aliyoingilia. Yule anayefanana na kunguru alikuta usiku na mchana vimegawana maji nusu kwa nusu. Akatoka mweusi-mweupe, na kwa kuwa umande ulikuwa bado unaimba jiweni, akatoka na filimbi kooni. Kisha mbingu ikaona haya, ikawa ya waridi, na kasuku kama wale wa uani wakajichovya vifua. Njiwa aliingia kwa haraka na kutoka kwa haraka, nuru ikamteleza. Akapata mng'ao kidogo bawani na unyoya mmoja uliosimama utosini kwa mshangao, na haujakaa mpaka leo. Jua likachomoza. Kasuku wadogo hawakukubaliana nani atangulie, wakarukia wote kwa pamoja, kijani, buluu na chungwa vikawarukia wote kwa pamoja, na bado wanapigia kelele jambo hilo. Kasuku mkubwa alichelewa kwa sababu alikuwa anabishana na mstari ambao haukuwapo tena. Alikuta nuru imekwisha kuwa nyeupe tupu, akawa mweupe tupu, isipokuwa kishungi chake kilichogusa chini kabisa, ambako rangi ya manjano ilikuwa imeganda kama bizari kwenye kitako cha sufuria.

Wa mwisho akaja Mdiria. Ndani ya jiwe palibaki tone moja, na ndani ya tone kipande cha mbingu. Hakulinywa. Aligusa kwa bawa tu, taratibu, kama mtu anayefuta machozi ya mwenzake. Ukimtazama kwa makini, mwili wote ni wa kahawia na vumbi, lakini bawani utaona vidoa vichache vya buluu.

Na tangu siku hiyo Mdiria hakulinda tena maji ya mtu. Hujitafutia maji yake ndani ya mijusi anaowala, na akitaka kuoga hujitupa kutoka juu ya tawi, mara moja, na kutoka hapohapo, kama mtu aliyekwisha kuambiwa. Lakini kila alfajiri, nchi ikiwa bado imekunjamana usingizini na ndoto za ndege hazijarudi kwa wenyewe, huanza na ile kuu, kuu ya chini, akaipandisha mpaka jua linashtuka. Si sisi anaotucheka. Anakicheka kile kifuu cha nazi alichokiona siku ile, na maana yake ni hii: maji ni safi, njooni, wadogo kwanza. Naye Mtikisamkia hakuupumzisha tena mkia wake hata siku moja, ili maji yasitulie mno mpaka mtu akapenda sura yake.

Nikaishia hapo. Mwanakheri alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. Bi Doroti alifikiwa na maneno ya mwisho kwa kuchelewa kidogo, akatikisa kichwa polepole mara kadhaa, biskuti mkononi ameisahau. Juu ya mkaratusi yule bwana akatoa kicheko kimoja kirefu kana kwamba tulikuwa tumepanga. Nikajisikia vizuri mno. Nikanyoosha miguu tena, nikapuliza chai, nikaona simulizi haitakamilika bila kuifunga kwa mafunzo.

"Umeona, Mkasi?" nikasema. "Ajichekaye mwenyewe, kosa lake huwa jepesi. Ndiyo maana hata mimi, siku ile ya beseni, nilicheka kabla ya—"

Mkasi hakuwa ananitazama mimi. Alitazama ua, ambako kinda alikuwa ameacha kulia, amekaa kwenye mbao, mabawa yamelegea, na mama yake anatikisa mkia kando yake, kulia, kushoto, bila kuchoka. Kisha akainua kidole akaonyesha ngazi ya kibaraza.

"Mdiria alicheka, Mjomba, halafu akatoka majini. Wewe bado umo. Brashi ile pale."